Crucial 8GB DDR4-3200 kwenye ThinkPad T480: inafaa, ila hesabu chipu kabla ya kulipa

Mwenye ThinkPad T480, laptopu ya Lenovo, yenye GB 8 za RAM kwenye sloti moja hana haja ya kuwaza sana. Sloti ya pili iko wazi, na RAM ya Crucial yenye namba CT8G4SFRA32A inaingia humo bila ugomvi. Mashine inafika GB 16, inaanza kutumia chaneli mbili (njia za data kati ya RAM na prosesa) badala ya moja, na kazi zilizokuwa zikiganda zinapita. Kwa hilo RAM hii inastahili alama nzuri. Inapopoteza alama ni kwenye namba yake yenyewe: chini ya jina hilohilo zimetoka RAM za aina mbili zisizolingana, na pakiti haikuambii umepata ipi.

Kwanza kuhusu mashine. T480 ilitoka mwaka 2018, na leo ni kati ya laptopu za mtumba ambazo bado inafaa kuziwekea pesa. Sababu kubwa ni prosesa yake ya Intel ya kizazi cha 8, kama i5-8250U au i5-8350U, ambayo imo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ndugu yake T470, yenye kizazi cha 6 au cha 7, haimo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Sababu ya pili ni kwamba RAM za T480 zote mbili zinachomoka. Hakuna iliyolehemiwa kwenye ubao, na hilo kwa laptopu nyembamba za siku hizi limekuwa adimu.

Je, shida ni RAM kweli?

Mashine kuwa nzito hakumaanishi imeishiwa RAM. Kama T480 yako bado inatumia diski ya kuzunguka, anza na SSD. RAM hata ya GB 32 haitaiokoa kompyuta inayosubiri diski. Kama tayari ina SSD, ipime ikiwa kazini. Fungua kila unachofungua siku ya pilikapilika (kivinjari na tabo zake zote, WhatsApp, Excel, mkutano wa video), bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory.

Hapo kuna mambo manne ya kusoma. "In use" inaonyesha kiasi kinachotumika sasa hivi. Ikiwa haivuki asilimia 70 hata ukiwa umeelemewa, RAM mpya haitakuongezea kitu, hivyo tafuta mchawi kwingine. "Committed" ina namba mbili: ya kwanza ni kiasi ambacho programu zimeomba, ya pili ni kikomo, yaani RAM pamoja na faili la akiba lililoko kwenye diski. Mashine ya GB 8 ikionyesha 11.4/13.2, jibu umelipata: programu zimeomba kuliko RAM iliyopo na pengo linazibwa na diski. "Slots used" ikisema 1 of 2, una nafasi. "Form factor" ikisema SODIMM, RAM inachomoka. Kwenye mashine ambazo RAM imelehemiwa, mara nyingi utakuta imeandikwa Row of chips.

Kwenye Linux amri ya free -h itakuonyesha matumizi, na sudo dmidecode -t memory itakutajia kila sloti, kilichomo, kasi na namba ya kiwanda. Majibu ya amri hii ya pili ndiyo ya kumpelekea muuzaji, maana yana kila anachohitaji kujua.

Kinachotokea RAM ikijaa ni hiki. Windows kwanza hukandamiza kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, kisha huanza kuzihamishia kwenye SSD. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde mia moja, ilhali SSD nzuri ya NVMe (aina ya SSD zenye kasi) huhitaji makumi ya mikrosekunde, yaani mara mamia kadhaa zaidi. Ndiyo maana ukirudi kwenye tabo uliyoiacha saa moja iliyopita mashine inaganda kwanza, halafu inakumbuka. Mgando wa namna hiyo ndio GB 16 zinauondoa. Ule wa prosesa kuchemka kwa sababu feni imejaa vumbi hauondoki kwa RAM, na mafundi wengi huuza RAM mahali palipohitaji brashi na pasti ya joto.

Kwa nini RAM ya pili inashinda RAM yenye namba kubwa

Muuzaji atakuonyesha 3200 kwenye stika, yaani mipigo ya data milioni 3,200 kwa sekunde, na kukuambia ni ya kasi kuliko ile ya 2400 uliyo nayo. Ni kweli kwenye stika. Ndani ya T480 si kweli, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hizi kinaishia 2400. RAM ya 3200 ikiingia humo inashuka na kwenda 2400, basi. Task Manager ikikuandikia 2400 baada ya kulipia 3200, hujatapeliwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hapa Crucial inafanya kazi yake vizuri. Kila RAM ina kijichipu kidogo kiitwacho SPD kinachobeba jedwali la muda wake, na BIOS, programu ya ubao inayoiwasha mashine kabla ya Windows, hulisoma kabla ya kuamua kasi. CT8G4SFRA32A ni CL22 (mizunguko ambayo RAM huchukua kabla ya kujibu) kwenye 3200, sawa na nanosekunde 13.75. Ikishushwa hadi 2400, muda huohuo unaipa CL17, ambao ndio muda wa kawaida wa RAM halisi za 2400. Inakaa bega kwa bega na RAM ya zamani ya Samsung au SK hynix iliyokuja na mashine, zote zikienda 2400 kwa 1.2 V. Usijali majina kutofautiana. Kinachotakiwa kulingana ni aina (DDR4), umbo (SODIMM ya pini 260), volti, na ukipenda chaneli mbili kamili, ukubwa.

Chaneli ndiyo habari yenyewe. RAM moja inampa prosesa njia ya biti 64, yaani baiti 8 kwa kila mpigo. Kwa mipigo milioni 2,400 kwa sekunde, hiyo ni GB 19.2 kwa sekunde kwa nadharia. Ukiweka RAM ya pili kwenye chaneli ya pili inakuwa GB 38.4. Ongezeko hilo la mara mbili hakuna stika ya 3200 inayoweza kukupa kwenye T480. Anayelifaidi zaidi ni grafiki ya ndani, UHD 620, ambayo haina kumbukumbu yake na inakopa kwenye RAM. Ukiunganisha skrini kubwa ya nje, ukicheza michezo myepesi au ukihariri video fupi, utaliona. Ukiandika barua kwenye Word hutaliona, na atakayekuambia vinginevyo anauza.

Kwa sababu hiyohiyo, kulipia zaidi RAM za wacheza michezo kama Kingston Fury Impact kwa ajili ya T480 ni kupamba. Zitaingia, zitafanya kazi, zitakwenda 2400.

Je, kama unataka GB 24, yaani ile 8 ya zamani na 16 mpya? Inakubali. Prosesa ya Intel inagawa: GB 8 za RAM moja na GB 8 za nyingine zinatumika kwa chaneli mbili, na GB 8 zinazobaki zinakwenda kwa chaneli moja. Ni mpango mzuri kwa mwenye bajeti ya leo anayetaka kuacha mlango wazi wa kufika 32 kesho, maana RAM ya 16 hutaitupa.

Tatizo la chipu nne

Shika RAM mkononi na uigeuze pande zote mbili. Hesabu zile chipu nyeusi kubwa. Kwa GB 8 utakuta ama 8 au 4. RAM yenye chipu 8 inaitwa 1Rx8: kila chipu inatoa biti 8, nane kwa nane zinafika 64. Yenye chipu 4 ni 1Rx16: kila chipu ina uwezo mkubwa maradufu na inatoa biti 16. Ukubwa ni uleule, kasi kwenye stika ni ileile, ila ndani hazifanani. Chipu ya DDR4 ya x8 ina makundi manne ya benki (vyumba vya ndani vya kuhifadhia data), jumla benki 16. Ile ya x16 ina makundi mawili tu, benki 8. Prosesa inapotaka data kutoka sehemu nyingi kwa pamoja, yenye makundi mengi inapokezana haraka, na yenye machache inasubirisha. Tofauti haiui, lakini kwenye michezo na kazi za grafiki, yaani palepale ulipotarajia chaneli mbili zikusaidie, inakula sehemu ya faida.

Namba ya CT8G4SFRA32A imetoka kwa sura zote mbili. Nukta na herufi zinazofuata baada yake kwenye stika ndizo zinazotofautisha toleo, lakini duka la mtandaoni halikuonyeshi hizo. Hili ndilo linalokera. Kingston wamelifanya kwa uwazi zaidi: KVR32S22S8/8 ni ya 1Rx8, KVR32S22S6/8 ni ya 1Rx16, na tofauti iko kwenye namba unayoisoma kabla ya kutoa pesa. Bei zikilingana na unanunua bila kuiona bidhaa, hiyo ya Kingston yenye S8 ni chaguo salama zaidi kuliko Crucial. Ukinunua kaunta, ambako unaweza kuigeuza na kuhesabu, Crucial yenye chipu 8 haina ubaya wowote.

Kwa GB 16 wasiwasi huu unapungua. CT16G4SFRA32A kwa kawaida huwa na chipu 8 au 16, na zote mbili ni x8. Anayetumia Android Studio, Docker, mashine pepe au anayehariri video aende moja kwa moja kwenye mbili za 16. Lenovo wanataja GB 32 kuwa ndicho kikomo cha T480. Wapo wengi wanaoiendesha na GB 64 bila tatizo, lakini ukinunua RAM mbili za 32 zikakataa, mtengenezaji hana neno la kukuambia.

Mtumba wa RAM

Duka linalovunja laptopu kwa ajili ya vipuri mara nyingi lina droo ya RAM zilizochomolewa, na humo ndimo mpinzani wa kweli wa Crucial alipo. RAM za Samsung, SK hynix na Micron zilizotoka kwenye mashine za ofisi ni imara, na ikiwa zimepita jaribio hakuna sababu ya kuziogopa, kwani RAM haichakai kama betri au diski. Jifunze kusoma stika. Maandishi ya 8GB 1Rx8 PC4-2400T yanakupa karibu kila kitu: ukubwa, mpangilio wa chipu, DDR4, kasi. Wakati mwingine utaona PC4-19200, ambayo ni ileile 2400 ikihesabiwa kwa megabaiti. Vivyo hivyo 17000 ni 2133, 21300 ni 2666 na 25600 ni 3200.

Namba za viwanda nazo zinasema. Samsung ikiishia na CRC ni 2400, CTD ni 2666, CWE ni 3200, na CPB ni 2133. SK hynix wanatumia UH, VK, XN na TF kwa mpangilio huohuo. Micron wanaandika 2G3, 2G6 na 3G2 kwa 2400, 2666 na 3200. Ya 2133 iepuke kwa T480: ukiichomeka pamoja na ya 2400, zote mbili zinashuka hadi 2133. Si msiba, ila kwa nini ushuke wakati droo ileile ina za 2400?

Stika, hata hivyo, inabandikwa na mtu. RAM ya GB 4 yenye stika ya GB 8 si hadithi ya kubuni, na hata SPD inaweza kuandikwa upya ikadanganya. Kinga ni moja: iwashwe kwenye mashine palepale kaunta, Task Manager ionyeshe ukubwa, na programu ya CPU-Z kwenye ukurasa wa SPD ionyeshe kiwanda na namba inayolingana na stika. Ukubwa wa kudanganya hautapita jaribio la kumbukumbu, kwa sababu jaribio linajaza kila kona.

Bei nazo zimegeuka. Tangu nusu ya pili ya 2025 RAM zimepanda sana, viwanda vikihamishia nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba na kupunguza uzalishaji wa DDR4. Desemba 2025 Micron, mwenye jina la Crucial, alitangaza kuacha biashara ya kuuzia watumiaji wa kawaida, mizigo ikiendelea kutoka hadi Februari 2026. Huduma ya dhamana alisema itaendelea, na dhamana ya Crucial kwa RAM ni ya maisha ya bidhaa, kwa masharti. Kwa mnunuzi wa huku dhamana hiyo ina maana ikiwa umenunua kwa wakala mwenye risiti ya maana. Vinginevyo tegemea siku alizokuandikia mwenye duka, na hakikisha ameziandika.

Usichanganye ndugu wa T480

Herufi moja nyuma ya jina inabadilisha kila kitu. T480s ina sehemu ya RAM iliyolehemiwa na sloti moja tu. T490 vilevile. X280 imelehemiwa yote, hivyo ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. X270 ina sloti moja, kwa hiyo kuongeza maana yake ni kuitoa iliyopo. T470 ina sloti mbili za DDR4, lakini T460, ambayo ukiitazama kwa nje unaweza kudhani ni pacha wake, inatumia DDR3L. Hiyo ina pini 204, volti 1.35, na kijipengo kiko mahali pengine, kwa hiyo RAM ya DDR4 haiingii kabisa. Ukihisi unalazimisha, acha. Unavunja sloti, na sloti iliyovunjika ni kazi ya kubadili ubao.

Kuifunga

Kabla ya yote hakikisha ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, unaujua uliko. Kubadili RAM kwa kawaida hakuuamshi, lakini ukiingia BIOS na kugusa mipangilio, Windows inaweza kuudai, na huo si wakati wa kuanza kuutafuta.

Chomoa chaja. Chagua Restart, si Shut down, kwa sababu Shut down ya Windows yenye Fast Startup huacha sehemu ya mfumo imehifadhiwa kwenye diski kwa ajili ya kuamka haraka, na kuamka huko kukikuta RAM imebadilika kunaweza kuleta fujo. Nembo ya Lenovo ikitokea bonyeza F1, nenda Config, Power, kisha Disable Built-in Battery, kubali. Mashine itajizima. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomoka. Hatua hiyo imeikata ya ndani, sasa ichomoe ya nyuma. Usirudishe chaja hadi mfuniko urudi, maana chaja ndiyo inayoiamsha tena betri ya ndani. Wapo mafundi wanaoruka hatua hii kila siku na hawajapata tatizo. Lakini RAM inayochomekwa ubao ukiwa na umeme inaweza kufa yenyewe au ikaua chaneli, na hatua yenyewe haichukui dakika mbili.

Mfuniko wa chini una skrubu 6 ambazo hazitoki, zinalegea tu na kubaki kwenye mfuniko. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, vinginevyo utazila vichwa. Baada ya skrubu kuna vibanio vya plastiki kuzunguka ukingo. Vifungue kwa kadi ya plastiki au kipande cha kufungulia simu, ukisogea kidogo kidogo. Bisibisi ya bapa inaacha makovu na inavunja vibanio, na mfuniko wenye vibanio vilivyovunjika hautakaa tena vizuri.

Gusa chuma kutoa umeme tuli. Kama kuna karatasi nyeusi ya plastiki juu ya sloti, inyanyue bila kuichana. Shika RAM kwa kingo, usiguse dhahabu, yaani pini zake. Linganisha kijipengo na ulimi wa sloti, iingize kwa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 30, sukuma hadi dhahabu iwe karibu yote imezama, ndipo uilaze mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie. Kosa linaloongoza ni kuilaza kabla haijazama: vibanio vinashika, inaonekana imekaa, kumbe pini za upande mmoja hazigusi. Kwa RAM ya mtumba yenye dhahabu iliyofifia, pangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ufutio wa penseli ambao mafundi wanaupenda unasafisha, lakini unaacha chengachenga zinazoingia kwenye sloti, kisha fundi yuleyule analaumu RAM.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kuliko kawaida. BIOS inaipima RAM mpya na kutafuta muda unaofaa, hivyo ipe dakika nzima kabla ya kuanza kubonyeza vitu. Ikibaki nyeusi au ikalia milio, zima, kata betri, na upime kwa zamu: RAM ya zamani peke yake kwenye kila sloti, halafu mpya peke yake kwenye kila sloti. Mpya ikikataa kwenye zote mbili wakati ya zamani inakubali, mpya ni mbovu au haikukaa. Zote zikikataa kwenye sloti moja na kukubali kwenye nyingine, sloti hiyo ina tatizo, na mara nyingi ni uchafu au pini iliyopinda kabla ya kuwa jambo kubwa zaidi. Zote zikikubali kila mahali peke yake lakini zikagoma zikiwa pamoja, hapo ndipo kuna kutoelewana kwa kweli. Kutokea kunatokea, lakini ni nadra kuliko wauzaji wanavyopenda kusema.

Mashine kuwaka bado si ushahidi kwamba RAM ni nzima. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, bonyeza F12 wakati wa kuwasha, anzia kwenye flashi, na uiache imalize angalau mzunguko mmoja kamili, ikiwezekana usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuirudisha RAM dukani. Usikubali kuambiwa ni dogo. RAM yenye kosa dogo ndiyo inayoleta skrini ya bluu ya MEMORY_MANAGEMENT wiki ya tatu, mafaili ya zip yanayokataa kufunguka, na hesabu zilizoharibika bila ishara.

Ndani ya Windows hakikisha unaona 16.0 GB, 2400, na 2 of 2. Sehemu ndogo itaonekana imetengwa kwa ajili ya grafiki, na hiyo ni kawaida. Ikikuandikia GB 16 zimewekwa lakini zinazotumika ni tatu na ushei, una Windows ya biti 32, na dawa ni kuweka upya ya biti 64. Ikitumika nusu tu, fungua msconfig, Boot, Advanced options, uone kama mtu aliweka tiki kwenye Maximum memory. Iondoe. Na kama SSD yako ni ndogo, ujue faili la kulazia mashine huchukua kama asilimia 40 ya RAM, hivyo litaongezeka kutoka takriban GB 3.2 hadi 6.4. Usipotumia Hibernate, amri ya powercfg /h off ikiendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi inalifuta.

Inunuliwe na nani

Mwenye T480 ya GB 8 kwenye sloti moja aichukue, mradi ina chipu 8. Mwenye mbili za GB 4 akumbuke kwamba sloti zote zimejaa: akitoa moja na kuweka hii anapata GB 12, GB 8 kati ya hizo zikiwa kwenye chaneli mbili. Kwa wengi wao ni bora kuruka hadi moja ya 16, ibaki pamoja na ile ya 4, kisha watafute ya pili bei itakaporuhusu. Mwenye GB 16 tayari, Committed yake ikiwa haijavuka 14, abaki na pesa yake.

Na duka likiwa na Samsung ya 2400 au 2666 iliyochomolewa, yenye 1Rx8, kwa bei iliyo chini sana ya Crucial mpya, chukua ya Samsung. Muombe muuzaji aiweke kwenye mashine na kuendesha jaribio ukiwa hapo. Akikuambia RAM haijaribiwi, kuna duka jingine mlango wa pili.